SOMO LA FAMILIA: Binti Akipata Mimba, Siku za Kuficha Ndizo za Hatari



Somo la mwezi huu ni la wazazi na vijana pamoja. Tunaomba lisomwe nyumbani kwanza, jioni baada ya chakula, kisha lijadiliwe katika vikundi vya akina mama, akina baba na vijana. Aliye na Biblia asome sura mbili: Mwanzo 38 yote, na 2 Samweli 13 mpaka mstari wa 22. Si sura zinazosomwa mara nyingi ibadani. Watoto wakiuliza kwa nini zimeandikwa, msiwanyamazishe.

Juu ya usafi wa vijana kabla ya ndoa tumekwisha kuhubiri mengi, na tutaendelea kuhubiri. Leo hatuzungumzi habari ya kabla. Tunazungumza habari ya baada: binti wa miaka 15 au 16 amekwisha kuwa mjamzito, yumo ndani ya nyumba yako, anakula sahani moja na wadogo zake. Mzazi Mkristo afanye nini? Kanisa lifanye nini? Hapo ndipo wengi wetu tunapotea, na hapo ndipo mabinti wengine wanapokufa.

KALENDA YA KUFICHA

Ukiangalia jinsi mambo yanavyokwenda katika zoni zetu hapa Nyarugusu, utaona kama kuna kalenda moja tu. Mwezi wa pili binti anajua. Anamwambia rafiki yake, ambaye naye ana miaka 15. Mwezi wa tatu anaanza kufunga kitenge juu kidogo na kukataa kuoga pamoja na dada zake. Mwezi wa tano mama anaona, lakini anaogopa kumwambia baba. Mwezi wa sita baba anajua, na nyumba inawaka moto. (Baba wengine husema hawakuona kitu. Nyumba yetu ya kambini ina vyumba viwili, na hukuona?) Mwezi wa saba binti hayupo tena nyumbani; amepelekwa kwa shangazi upande wa pili wa kambi, au amesukumwa kwa yule kijana. Anapofika kliniki kwa mara ya kwanza ni mwezi wa nane, kama anafika.

Sasa tazameni kilichopotea katika miezi hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonwe na mhudumu wa afya mara 8 mpaka atakapojifungua, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Watu husema, "Mara nane za kufanya nini? Kupimwa tumbo tu?" Hapana. Siku ile ya kwanza anapimwa damu ili ijulikane kama ana upungufu. Anapimwa kaswende na virusi vya UKIMWI, kwa sababu akigundulika mapema anapewa dawa na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Anapewa vidonge vya kuongeza damu. Kuanzia mwezi wa nne anaanza kupewa SP, dawa ya kuzuia malaria, anayoimeza palepale mbele ya muuguzi, na anarudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi. Anapata na chandarua chenye dawa.

Hilo la malaria tulisisitize, kwa kuwa tunaishi mkoa wa Kigoma na kila mmoja wetu anajua mbu wa huku. Mwanamke mzima aliyezoea malaria mwili wake umejifunza kupigana nayo kiasi. Lakini anapobeba mimba ya kwanza, vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, mahali ambapo mwili haujawahi kupigana navyo. Ndiyo maana mimba ya kwanza huumizwa na malaria kuliko zinazofuata. Na binti wa miaka 15, mimba yake ni ya kwanza. Anaweza asione homa yoyote, huku damu yake inakwisha polepole na mtoto tumboni anakosa chakula. Akifika siku ya kujifungua na damu kidogo, hata kutokwa damu kwa kawaida kunaweza kumwangusha.

Kuna na kifafa cha mimba. Huu si uchawi wala si pepo. Ni ugonjwa unaoanza na mgandamizo wa damu kupanda baada ya mwezi wa tano, na huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Mabinti wadogo wamo katika hatari kubwa kuliko wanawake wa miaka 20 na kitu. Dalili zake ni kuumwa kichwa sana kusikokoma, macho kuona giza au nyota, maumivu ya juu ya tumbo, kuvimba uso na mikono. Mwisho wake ni degedege na kupoteza fahamu. Kuna dawa yake ya sindano, na kipimo cha mgandamizo wa damu kinachukua dakika chache tu. Lakini aliyefichwa kwa shangazi hapimwi. Tunawaomba watumishi na vikundi vya maombi: binti mjamzito akianguka degedege, tumieni sekunde za kwanza kumlaza ubavu na kutuma mtu akaite gari la wagonjwa. Ombeni mkiwa njiani. Mungu anasikia hata garini.

MWILI AMBAO HAUJAMALIZA KUKUA

Wazee wetu husema, "Bibi yangu aliolewa na miaka 14 akazaa watoto kumi." Ni kweli, wako. Waliokufa na mtoto wa kwanza hawakupata wajukuu wa kusimulia habari zao.

Msichana anaweza kupata hedhi na miaka 12 au 13, lakini mifupa ya nyonga yake inaendelea kupanuka kwa miaka mingine kadhaa. Kwa hiyo tumbo linaweza kubeba mtoto kabla njia haijawa tayari kumpitisha. Aliye chini ya miaka 15 yuko katika hatari kubwa zaidi, na aliyekua kwa lishe duni naye nyonga yake mara nyingi huwa ndogo. Sisi watu wa mgao tunalijua neno lishe duni.

Tueleze kwa uwazi kinachotokea, maana mambo haya kwetu yanasemwa kwa kunong'ona tu. Uchungu unaanza. Kichwa cha mtoto kinashuka na kukwama kati ya mifupa. Kila uchungu unapokuja, kichwa kinaibana nyama laini ya kibofu kwenye mfupa, na nyama hiyo inakosa damu. Masaa yanapita, siku inapita, na pengine ya pili. Mara nyingi mtoto anakufa humo ndani, kisha kichwa kinalainika na kutoka. Watu wanalia msiba wa mtoto, wanashukuru kwamba mama amepona. Baada ya siku chache ile nyama iliyokosa damu inakatika na kuacha tundu. Tangu hapo mkojo unatiririka wenyewe, usiku na mchana. Wengine tundu linakuwa upande wa haja kubwa. Wengine pamoja na hilo mguu unalegea, hawawezi kuinua unyayo, kwa sababu mishipa ya fahamu ilibanwa. Huo ndio ugonjwa wa fistula.

Mfikirie binti wa miaka 16 mwenye hali hiyo katika nyumba zetu zilizobanana, na sabuni ya kuhesabu. Hawezi kukaa darasani. Hawezi kukaa kwenye benchi la kanisa. Kitanda chake kinahamishiwa jikoni. Yule mwanamume aliyempa mimba anamwacha ndani ya mwezi mmoja. Majirani wanasema amelaaniwa, kumbe ni saa kumi za kuchelewa tu.

Na tusifikiri ni ugonjwa usiotibika. Wengi wetu tuliotoka Kivu ya Kusini tunaijua Hospitali ya Panzi ya Bukavu, hospitali ya kanisa iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi ya kuwatetea wanawake waliotendewa jeuri. Fistula ni moja ya magonjwa aliyoyatibu kwa maelfu ya wagonjwa. Huku Tanzania hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikituma nauli kwa njia ya simu ili mgonjwa wa mbali aweze kufika. Kwa sisi wakimbizi njia ya kufuata ni kuanza na kituo cha afya cha kambini, ili kipatikane kibali na rufaa. Mwenye kuvuja mkojo baada ya kujifungua aseme mara moja, asisubiri arobaini iishe. Tundu dogo likigunduliwa mapema linaweza kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki kadhaa bila upasuaji. Kubwa linahitaji kushonwa, na wengi walioshonwa wanapona na hata kuzaa tena, kwa upasuaji.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Binti mdogo ajifungulie kituoni, si nyumbani, hata kama mkunga wa jadi ni mama yetu tunayempenda. Uchungu ukizidi masaa 12 bila mtoto kutoka, hapo si pa kusubiri. Na kwa kuwa hospitali kubwa ziko nje ya kambi, na barabara ya masika mnaijua, binti huyu anahitaji kufika kituoni uchungu ukianza tu, si ukishamchosha.

Mtoto naye anabeba sehemu yake. Watoto wa mama wadogo huzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, yaani chini ya gramu 2,500, mara nyingi zaidi kuliko wa mama wa miaka 20 na kuendelea. Mtoto mdogo hivyo hupoteza joto upesi. Abebwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, na bibi asimpe maji wala uji wa kuonja. Bibi anaweza naye kumbeba kifuani, mama mdogo akichoka. Hilo tumeona linapatanisha nyumba kuliko vikao vingi.

WANAOJARIBU KUITOA

Kwa kuogopa kalenda tuliyoitaja, wapo mabinti wanaokunywa mizizi, majani ya chai yaliyokolezwa, vidonge vingi vya malaria, sabuni ya unga, au wanaojichoma na vijiti. Tuseme wazi kwamba wengine hufa kwa kutokwa damu, na wengine kwa uchafu unaoingia tumboni na kuenea mwilini. Wengine wanapona lakini hawatazaa tena. Msimamo wa kanisa juu ya kutoa mimba mnaujua. Lakini binti aliyekwisha kujaribu na sasa anatokwa damu, ana homa, au anatoa uchafu wenye harufu, huyo ni mgonjwa na anapelekwa kituoni usiku huohuo. Kituo hutibu madhara hayo. Asiwepo mzazi atakayemweka ndani ili "kwanza aungame."

MIMBA HII IMETOKA WAPI?

Hili ni swali ambalo tunalirukia. Tunapouliza "Nani?" tunatafuta mtu wa kulipa. Tuulize pia "Ilikuwaje?"

Mimba nyingine ni za wanafunzi wawili wa darasa moja, waliodanganyana. Lakini mabinti wakiulizwa kwa upole, bila kiboko mkononi, habari nyingine zinatoka. Yuko mwanamume mwenye duka sokoni aliyekuwa anampa sabuni na taulo za kike, vitu ambavyo nyumbani havikuwepo. Mgao wa chakula umepunguzwa mara nyingi katika miaka hii, na njaa ina wanunuzi wake. Yuko mjomba aliyekuwa analala sebuleni. Na wako waliokutana na watu wabaya njia ya kuni, nje ya mipaka ya kambi, wakarudi na mzigo umepungua na kimya kimeongezeka.

Kwa hawa waliobakwa saa ni muhimu kuliko kitu chochote. Akifikishwa kituoni kabla ya masaa 72 kupita, anapewa dawa za kuzuia asiambukizwe virusi vya UKIMWI, na zipo dawa za kuzuia mimba isitungwe zikitumiwa ndani ya siku 5, mapema zaidi ikiwa bora zaidi. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe bali zifungwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Ipo fomu ya polisi inayoitwa PF3, inayohitajika kwa ajili ya mashtaka. Lakini mtoto atibiwe, karatasi zifuate. Na kama masaa 72 yamepita, apelekwe hivyohivyo, kwa maana bado yapo magonjwa ya kutibu na moyo wa kutunzwa.

Hapa tuisome 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alitumwa na baba yake mwenyewe aende nyumbani kwa ndugu yake aliyejifanya mgonjwa, ampikie, akafanyiwa jeuri humo ndani. Daudi alisikia, akakasirika sana. Je, alifanya nini? Tafuteni katika sura hiyo, hamtaona. Hakumuuliza Tamari, hakumhukumu Amnoni. Absalomu naye akamwambia dada yake anyamaze. Binti akakaa ukiwa katika nyumba ya kaka yake, na baada ya miaka miwili nyumba ile ya kifalme ikajaa damu. Hasira ya baba bila hatua haikumsaidia binti hata kidogo.

Sasa kuhusu sheria, maana wengi wanadhani kambini hakuna sheria ila ya wazee. Tanzania ilipitisha mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo kwayo mtoto wa kike chini ya miaka 18 hata akisema "nilikubali," mwanamume mzima aliyelala naye nje ya ndoa amebaka, na kifungo chake huanzia miaka 30. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa: kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari nako ni kifungo cha miaka 30. Wala msiseme hizo ni sheria za wenyeji tu. Kongo ilitunga mwaka 2009 sheria ya kulinda mtoto, na mwaka 2016 ikarekebisha sheria ya familia ikaweka miaka 18 kuwa umri wa ndoa kwa msichana na mvulana. Hata tukirudi nyumbani kesho, sheria inatusubiri huko.

Lakini mara ngapi jambo hili limemalizwa chini ya mwembe? Mbuzi wawili, fedha kidogo, soda za wazee, na shemasi mmoja anafunga kwa sala. Mbuzi wanaliwa juma hilohilo. Mtoto anaendelea kukua miaka 18. Na yule bwana, akiwa amejua bei, anatazama nyumba nyingine.

"MPELEKE KWA ALIYEMPA"

Hiyo ndiyo hukumu ya haraka kuliko zote. Binti anafungiwa nguo katika mfuko, anasindikizwa jioni mpaka kwa kijana, na kijana naye ana miaka 17, anaishi na mama yake mjane. Tunaita ndoa, hakuna ndoa. Kijana hana kazi, kwa kuwa mkimbizi kutoka kambini bila kibali ni kosa. Katika nyumba ile binti hana jina lake kwenye kadi, kwa hiyo anakula mgao wa watu wengine, na kila kijiko anahesabiwa. Anapopigwa harudi nyumbani, kwa sababu kwao walikwisha kusema amejitakia. Mwaka haujaisha ana mimba ya pili. Wataalamu wa afya wanashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba nyingine. Huyu hakuna aliyemwuliza.

Familia nyingine wanaficha kwa sababu ya kesi ya kwenda nchi ya tatu. Wanasema ikijulikana binti ana mimba, faili itarudi nyuma. Tusidanganyane: mtoto akizaliwa na hakuandikishwa, ndipo matatizo yanapoanza kweli, kwa maana siku ya mahojiano familia inaonekana ilificha mtu. Na baada ya Marekani kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025, wengi waliomficha binti kwa ajili ya safari wamebaki hapa bila safari, na mtoto hayumo kwenye kadi. Mwandikisheni mtoto. Pokeeni karatasi ya kuzaliwa kituoni siku ile mnayotoka naye, itunzeni pamoja na kadi.

SHULE

Kwa miaka mingi nchini Tanzania msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na wengi tukazoea kwamba ndivyo ilivyo. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Basi mzazi anayesema "ameshajiharibia, akae nyumbani" atambue kwamba hata mlango uliokuwa umefungwa na serikali ulifunguliwa. Unaobaki umefungwa ni wa kwake.

Ni kweli kurudi si jambo rahisi. Nani atabaki na mtoto? Je, wenzake hawatamcheka? Shule zetu za kambini zimefuata mtaala wa Kongo, na aliyekosa mwaka mmoja anajikuta darasani na wadogo zake. Lakini tumeona inavyowezekana pale bibi anapokubali kubaki na mtoto asubuhi, na binti anarudi kunyonyesha saa ya mapumziko. Kama bibi hawezi, akina mama watatu au wanne wa jirani wanaweza kupeana zamu. Hiyo ni huduma ya kanisa kama zilivyo nyingine, ingawa haina kipaza sauti.

NA SISI KANISANI

Turudi Mwanzo 38. Yuda aliambiwa kwamba mkwewe Tamari ana mimba ya uasherati. Hakuuliza swali hata moja. Aliamuru atolewe nje achomwe moto. Tamari alipokuwa anatolewa akatuma vitu vya mwenye mimba: muhuri, kamba na fimbo. Vilikuwa vya Yuda mwenyewe. Yuda akakiri kwamba yule mwanamke alikuwa na haki kuliko yeye. Mwana aliyezaliwa, Peresi, utamkuta katika Mathayo sura ya 1, ndani ya ukoo wa Bwana wetu, na mama yake ametajwa kwa jina.

Katika makanisa yetu binti akionekana na tumbo anaondolewa kwaya, anakaa benchi la nyuma, hashiriki Meza ya Bwana mpaka atakapojifungua na kuungama mbele ya watu wote. Na mwenye mimba? Mara nyingine yeye ndiye anayepiga gitaa Jumapili hiyohiyo. Tumbo lake halikuvimba. Hatusemi nidhamu ya kanisa ifutwe. Wachungaji wana maandiko yao na wataamua. Tunasema nidhamu inayomwona mmoja tu haikuchunguza, na nidhamu inayomfanya binti aogope kuonekana njiani inamfanya asiende pia kliniki, kwa sababu njia ni ileile na macho ni yaleyale. Ungamo la hadharani la mtoto aliyebakwa, hilo tusilifanye kabisa.

Tunapendekeza jambo moja kwa idara ya akina mama. Kila kanisa lichague mama wawili, wenye ulimi mzito na miguu myepesi, ambao binti yeyote anaweza kuwaendea akijihisi hayuko sawa, hata saa mbili usiku. Kazi yao isiwe kumhoji. Kazi yao ni kumsindikiza kliniki siku inayofuata, kisha kwenda pamoja naye kwa wazazi. Wakati wa kumwambia baba, mmoja wao awepo, na mzee wa kanisa awepo, ili fimbo isiinuliwe. Binti hawa wanapatwa na huzuni nzito, wengine wanasema wanataka kufa; neno hilo likisikika asiachwe peke yake, na wahudumu wa afya waambiwe.

Nanyi mabinti mnaosoma au kusomewa: ukikosa siku zako miezi miwili, mwambie mtu mzima mmoja juma hili. Kama si mama, basi shangazi, mwalimu wa kike, au mama wa kanisa. Kwenye kliniki huhitaji kufika na mume.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika Mwanzo 38, kama Tamari asingekuwa na muhuri, kamba na fimbo, nini kingempata? Mabinti wetu wana nini cha kuonyesha?

2. Akina baba: ni maneno gani mmewahi kusema nyumbani, hata kwa utani, ambayo yangemfanya binti yako aogope kukuambia?

3. Kutoka nyumbani kwako mpaka kituo cha afya ni mwendo wa dakika ngapi usiku, na nani katika mtaa wako ana simu yenye moto ya kuita gari la wagonjwa?

4. Vijana wa kiume: kijana wa kwaya akisababisha mimba, kanisa limtake afanye nini kwa mtoto huyo mwezi kwa mwezi, hata kama hana fedha?

5. Akina mama: majina ya wale mama wawili ni akina nani? Leteni kwa katibu kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana.